Nilivyopanga krosova ya spika za gari langu

Gari langu ni Probox. Milango ya mbele ina spika za inchi 6.5, twita (vispika vya sauti nyembamba) ziko juu ya dashibodi, na nyuma kuna wufa, spika ya besi, ya inchi 10. Zote zinaendeshwa na amplifaya ya chaneli nne. Fundi wa Mwembe Tayari aliyenifungia ni hodari wa waya, hilo simnyimi. Ila krosova, yaani vichujio vya kuigawia kila spika sauti zake, nzito au nyembamba, aliiacha "full" kila upande: kila spika ipewe sauti zote. "Ndio tamu hiyo, ami," akaniambia. Tamu labda kwa matatu. Mimi msikilizaji wa taarabu, na gitaa la besi likipigwa tu, mlango ukikoroma na mwimbaji akizama.

Sababu yake ni hii: uzi mnene wa gitaa la besi hutoa takriban Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Ukiilazimisha spika ya mlango itoe sauti nzito hivyo, koni yake inakwenda mbele na nyuma masafa marefu, na koni hiyo hiyo ndiyo unayoitegemea imlete mwimbaji. Besi muachie wufa.

Jumapili alfajiri, tuktuk hazijaanza fujo zao, nilizima madoido yote ya redio, nikachomoa wufa. Kile kitufe cha krosova ya milango, cha kuzungusha kwa bisibisi, kimeandikwa namba mwanzo na mwisho tu, 50 na 250. Katikati ujijue mwenyewe. Kwa hivyo nilicheza toni ya Hz 80 kutoka kwenye simu, nikazungusha polepole mpaka sauti ya milango ikaanza kunywea kidogo. Hapo nikaacha, milango ikawa imekatwa chini ya 80. Wufa nayo nikairudisha, nikaikata juu ya hapo hapo 80.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa swichi ya fezi, ile ya kugeuza spika isukume pale ilipokuwa ikivuta, ambayo wengi hawaigusi. Penye Hz 80 wufa na milango zinalia pamoja, na vichujio vya amplifaya yangu ni vya desibeli 12 kwa okteva (ndio ukali wake wa kukata): pale vinapokutana huziachanisha nyuzi 180, moja ikisukuma hewa nyingine inavuta. Toni ikiendelea, nikahamisha swichi ya wufa kutoka 0 hadi 180. Besi ikajaa, tena ikawa kama yatoka mbele, si kwenye buti. Gari jingine huenda likataka 0, maana umbali wa wufa nao una neno lake. Sikio ndilo litakaloamua.

Twita sikuzigusa. Zina kapasita ya maikrofaradi 10, ambayo kwa spika ya omu 4 hukata sauti za chini ya karibu Hz 4,000, na hiyo yatosha.

Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, sasa naisikia uzi kwa uzi. Kilichobaki ni mlango wa kushoto, bati lake bado latetemeka nikipandisha sauti. Huo unataka kubandikwa shiti za lami kwa ndani, krosova haiuwezi.