Siku yangu katika chumba cha kupimia mitetemeko ya mikono

Saa 1:30 asubuhi. Kabla mgonjwa yeyote hajaingia, mimi hujibandika mwenyewe kipimamchapuko, kifaa kidogo kinachopima jinsi mkono unavyosogea, mgongoni mwa kiganja, na elektrodi za kunasa umeme wa misuli juu ya misuli ya mkono, kisha nikautikisa mkono kwa makusudi. Leo nimeanza na mitikiso 6 kwa sekunde, lakini haikupita dakika moja misuli ikachoka na kasi ikaanza kuyumba. Nilipojihesabia kurudi nyuma kutoka 100 huku nikitoa saba saba, mkono ulisimama kabisa.

Saa 3:00. Ameingia mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson. Mkono wake wa kulia umetulia pajani, ila kidole gumba kinasuguana na cha shahada kana kwamba anafikicha punje. Namwomba naye ahesabu kurudi nyuma: mtetemeko, badala ya kukatika, unazidi. Kwenye grafu unasimama mlima mmoja mwembamba karibu na mara 5 kwa sekunde, na mkono wa kushoto, ambao nao umeanza kutetemeka, una mdundo wake usiofuatana na wa kulia. Mtu anayeigiza hushindwa hapo, kwa kuwa mikono miwili inayotikiswa kwa hiari huangukia mdundo mmoja.

Saa 5:00. Mama ambaye mikono yake hutulia akipumzika, ikaanza kutetemeka anyanyuapo kikombe au achorapo duara la konokono. Vipimo vyake havikuchukua muda.

Saa 8:00 mchana. Huyu ndiye niliyemwazia tangu asubuhi: dada ambaye mkono wake ulianza kutetemeka ghafla, na ambaye mahali fulani aliambiwa kwamba anajifanya. Nilimwomba agonge meza kwa mkono wa kushoto akifuata metronomu, kifaa kinachotoa mdundo ulio sawa, mara 3 kwa sekunde. Mtetemeko wa kulia ukaacha kasi yake na kuifuata ile ya metronomu. Nilipomfunga uzito mdogo kifundoni, mtetemeko uliongezeka, ilhali ule wa Parkinson kwa kawaida hupungua. Dalili hizi zinafanana na za mkono wangu wa asubuhi, na hapo ndipo wengi hukosea. Zinaonyesha kwamba mtetemeko unapita katika njia zilezile za ubongo zinazoendesha mwendo wa hiari, na kwamba unategemea umakini wa mtu. Hazionyeshi hata kidogo kwamba ameukusudia. Kipimamchapuko hakipimi nia.

Nilimgeuzia skrini, nikamwonyesha sekunde chache ambazo mkono wake ulitulia alipobadilisha mdundo wa kugonga meza. Alisogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Huo ni mkono wangu?" Nikamjibu kwamba ndio, na kwamba uwezo huo wa kutulia ndio ambao mtaalamu wa fiziotherapia ataanza nao.

Saa 10:00 jioni. Naandika ripoti. Kwenye mstari wa hitimisho nimeandika "mtetemeko wa kiutendaji, dalili bayana zimeonekana", yaani mtetemeko wa kweli unaotokana na jinsi ubongo unavyoendesha mwendo bila mtu kukusudia, na neno "kuigiza" sikuliandika popote.