Nilivyong'oa njia yangu ya matofali na kuipanga upya

Mvua ya tatu ilipokatika, njia niliyoipanga kwa mikono yangu ilikuwa imebonyea sehemu mbili, na kila sehemu ilikuwa na kidimbwi chake. Niliumia sana. Mipaka nilikuwa nimeinyoosha kwa kamba na vigingi, matofali yalikaa sawasawa, na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita nilikuwa nimeupima kwa pima maji, ili maji yaukimbie mlango.

Ni njia fupi, mita 6 kwa upana wa mita 1. Nilitumia pevingi, yaani matofali ya kutandika njia, za sentimita 20 kwa 10, unene sentimita 6. Mita moja ya mraba inachukua 50, kwa hiyo nilihitaji 300, nikaongeza 20 za akiba. Upana sikuubahatisha: safu moja ni matofali matano kamili, na inayofuata inaanza na kuishia na nusu, kwa hiyo niliyokata hayakuzidi 30. Kabla ya kukaza kamba nilipanga safu moja pembeni nikaipima, maana zile nafasi ndogo kati ya tofali na tofali zikijumlishwa huongeza upana. Ukikata kwa grenda, lowesha tofali, vaa miwani na barakoa. Vumbi lile linadhuru mapafu.

Kwa hiyo kasoro ilikuwa wapi? Nilichomeka bisibisi mbili kwenye maungio, nikang'oa tofali moja pale palipobonyea, na baada ya hilo la kwanza mengine yakatoka kwa mkono. Chini yake mchanga ulikuwa na kina cha sentimita 7. Hatua chache mbele, palipokuwa pazima, ulikuwa 3.

Mzee mmoja fundi, jirani yangu, alikuja akachungulia.

"Mwanangu, mchanga huu umeutumia kuziba mashimo?"

"Ndiyo, mzee. Kokoto za chini yake hazikukaa sawa, nikasawazisha kwa mchanga."

"Basi hapo ndipo palipozama. Rudi kwenye kokoto."

Nilirudi. Nilikuwa nimechimba sentimita 18 na kumwaga kokoto zote, kina cha sentimita 10, kwa mkupuo, kisha nikashindilia juu tu. Kishindilio cha mkono hakifiki chini namna hiyo: juu panakuwa pagumu, ndani pamelegea. Safari hii nilitumia kokoto ndogo zilizochanganyika na vumbi lake, kwa sababu lile vumbi ndilo linaloziba nafasi na kuzifanya zishikane. Nikamwaga sentimita 5, nikanyunyiza maji kidogo, nikashindilia mpaka kisigino hakiachi alama, ndipo nikaweka tabaka la pili. Mteremko nikaupima hapo hapo juu ya kokoto. Ilinichukua siku nzima kwa kipande cha mita 2, na mikono iliuma, lakini hiyo ndiyo siku ninayoijali kuliko zote za kazi hii.

Kazi ya mchanga ilikuwa nyepesi baada ya hapo. Nililaza mabomba mawili yenye unene wa milimita 25, nikamwaga mchanga katikati, nikavuta ubao ulionyooka juu yake. Mabomba nikayatoa, mifereji yake nikaijaza taratibu, na sikukanyaga tena. Nilipanga nikiwa nimepiga magoti juu ya matofali niliyokwisha kuyalaza, nikiyagonga kwa nyundo ya mpira. Pembeni nilirudishia kingo za zege, kwa sababu bila kingo safu za mwisho husogea nje na maungio hufunguka.

Mwisho nilimwaga mchanga laini mkavu, nikaufagia uingie kwenye maungio, nikagonga juu ya ubao, nikafagia tena. Ulizama mara tatu kabla ya kujaa. Wiki mbili baadaye mvua kubwa ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikatoka na tochi, nikainama pale palipokuwa na kidimbwi. Matofali yalikuwa yamelowa tu.