Joto la difu, kutoka Vigwaza hadi Mafinga

Mizani ya Vigwaza ndiyo iliyotuambia ukweli wa mzigo wetu: gari, tela na mashine ya kupasulia mbao, jumla tani 5 na nusu. Aliyetuuzia mashine Dar alituapia kwamba haifiki hata tani 2. Wauza mashine mizani yao ni mdomo.

Gari ni Land Cruiser mkonga, pikapu, injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo. Inavuta, ila mlimani inataka subira. Tulikuwa tunaelekea Mafinga, kwenye mbao za Sao Hill, na pembeni yangu alikaa mzee mmoja fundi wa Gerezani aliyekuwa anakwenda kuifunga hiyo mashine. Kabla hatujaondoka alifungua bolti ya kumwagia oili ya difu ya nyuma, lile gamba la gia katikati ya ekseli linalozungusha magurudumu, akaweka nyingine yenye sensa ya joto. Waya aliupitisha chini ya bodi mpaka kwenye dashibodi, ukaishia kwenye geji ndogo ya dijitali ya bei chee. Nilimuuliza kwa nini ahangaike na difu wakati kinachowalaza watu kwenye mlima wa Kitonga ni injini kuchemsha.

"Injini ina rejeta, ina feni, ina geji, na ina dereva anayeitazama," akasema. "Difu ina nini, mwanangu?"

Ukiwaza, kweli haina kitu. Ina oili kama lita 3, gamba la chuma, na upepo wa barabarani, basi. Humo ndani pinioni, gia ndogo, inachukua mzunguko wa propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye gia boksi, na kuukunja nyuzi 90 kwenda kwenye krauni, gia kubwa ya duara. Kwa kuwa pinioni imekaa chini ya kitovu cha krauni, meno yake hayabingiriki tu, yanateleza pia, jino juu ya jino, yakiwa yamekandamizwa na mzigo wote. Huko kuteleza ndiko kunakozaa joto. Hata kama ni asilimia 3 au 4 tu ya nguvu inayopotea hapo, injini ikipeleka kilowati 40 nyuma umeshapata zaidi ya kilowati 1 ya joto tupu. Ni birika la umeme limewashwa ndani ya difu kutwa nzima.

Kutoka Chalinze hadi Morogoro nilikwenda na spidi ya 80. Barabara nyepesi, jua kali, namba ya geji ya difu ikapanda polepole mpaka nyuzi 91 na kugoma hapo. Mzee akaniomba nishushe spidi hadi 70. Baada ya muda geji ikasoma 84. Tela letu lilikuwa refu kwenda juu kuliko kichwa cha gari, kwa hiyo kwenye spidi tulikuwa tunavuta upepo kuliko tunavyovuta chuma. Hilo sikulitegemea: sehemu tambarare, ambayo dereva anajiachia na kuwasha redio, difu inafanya kazi kubwa bila mtu kuisikia.

Hifadhi ya Mikumi ilitupoza. Mle ndani spidi ni ya kibao, matuta yapo, na faini za kugonga mnyama zimebandikwa kwa kila aina ya mnyama, kwa hiyo hata mabasi hushika adabu. Twiga, pundamilia, namba 77. Tukapita.

Ruaha Mbuyuni tulisimama kwenye vitunguu. Joto la pale lilishinda la Morogoro, na mibuyu haina kivuli cha kujificha. Mzee hakununua kitu, alijilaza chini ya gari na tochi. Alitazama sili ya pinioni, mpira unaozuia oili isitoke, kama inatoa jasho, kisha akafuata mpira wa kipumulio kwa vidole mpaka mwisho wake. Hewa ya ndani ya difu ikipata joto inatanuka, na kipumulio kikiziba kwa tope, inatafuta njia nyingine: inasukuma oili kupitia sili, na sili za pembeni zikishindwa, oili inaishia kwenye breki. Difu ya moto basi inaweza kukunyang'anya breki siku ya mteremko. Alinikataza pia kushika kitovu cha gurudumu na kudhani nimepima difu, kwa sababu joto la pale kwa sehemu kubwa ni la breki.

Kisha Kitonga. Mbele yetu lori la kontena, nyuma yetu lori la mafuta, ukuta wa mlima mkono mmoja na korongo mkono wa pili. Gia ya 2, mara nyingine ya 1, mwendo wa mtu anayekimbia. Upepo wa kupoza chini ya gari hakuna. Macho yangu yalikuwa kwenye geji ya injini, ya mzee kwenye kile kigeji chake. Tulianza na 86, tukafika juu na 103. Nikashusha pumzi, nikaweka gia ya 4, nikaanza kufidia muda.

Hapo ndipo namba ilipokimbia: 106, 109, 112. Barabara ya kuelekea Ilula bado inapanda kwa mawimbi, na chuma kizito kama kile kinachelewa kupata moto kama kinavyochelewa kupoa. Joto la Kitonga lilikuwa bado linaingia kwenye oili, nami nikaliongezea la spidi. Nilitaka kuegesha penye nyanya za Ilula. Mzee akakataa.

"Ukisimama unainyima upepo. Twende hivihivi, 50, bila kukanyaga."

Alikuwa sahihi, kwa injini isiyo na shida. Tulifika Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, ikisoma 95, tukanywa chai. Akanieleza kwamba oili ya kawaida ya madini haipendi kuvuka 120. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake takribani nusu, na mpira wa sili nao hukakamaa.

Mafinga tulimwaga oili ikiwa bado vuguvugu. Rangi ilikuwa imeiva ila haikunuka kuungua, na kwenye sumaku ya bolti kulikuwa na uji wa kijivu, si vipande. Vijana wa gereji ya jirani walileta oili namba 140, nzito zaidi, kwa hoja kwamba mzigo mzito unataka oili nzito. Mzee akawajibu kwamba oili nzito kupita kiasi nayo inaleta joto, maana krauni inahangaika kuikoroga, na asubuhi za baridi ya Mufindi inachelewa kufika kwenye beringi za pinioni. Kitabu cha gari kinasema oili namba 90, ya daraja la GL-5. Wakabishana mpaka giza, kisha akajaza 90, ikafika kwenye mdomo wa tundu la kujazia, ikadondoka tone, akafunga.