Sukari, magnesiamu na dumu la mkojo

Jumamosi moja mwaka jana nilishinda ndani nikilinda dumu. Dumu la kahawia la lita tatu, limebandikwa karatasi yenye jina langu, na maelekezo yake yalikuwa mafupi: mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage, andika saa, kuanzia hapo kila tone liingie humu mpaka kesho saa ileile, na ule wa asubuhi ya pili nao uingie. Mimi ni mhasibu, nikaelewa papo hapo. Wanafunga hesabu za siku. Watoto hawakuelewa, na yule aliyefungua friji akitafuta maji baridi sitamtaja hapa, alishaapa hatanisamehe.

Nilifikaje kwenye dumu? Nilipima afya kwa mambo ya bima, nikarudishiwa karatasi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, 6.3. HbA1c, ile inayoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, asilimia 6.1. Kisukari kinaanza kuitwa kisukari kwenye 7.0 na asilimia 6.5, kwa hiyo nilikuwa barazani, sijaingia ndani. Lakini mlango nilikuwa nauona.

Usiku huo sikulala. Nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha, na kila nilikogusa nilikuta magnesiamu. Meza magnesiamu, sukari ishuke. Kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza stakabadhi iko wapi, nilitaka kwanza kujua madini haya yanafanya nini hasa, na hapo ndipo nilipokolea.

Glukosi, yaani sukari iliyo kwenye damu, haijipenyezei tu kwenye seli ya msuli. Insulini inatoka kwenye kongosho, inasafiri na damu, inafika kwenye utando wa seli na kushika kipokezi chake. Upande wa ndani wa kipokezi hicho ni kimeng'enya, protini inayochochea kazi za kikemia, na kazi yake ni kubandika fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, kwenye protini za jirani. Hiyo inaiamsha hii, hii inaiamsha ile, hadi ujumbe ufikie vibebaji vya glukosi vilivyojificha ndani ya seli, vinavyoitwa GLUT4, navyo vinapanda juu kwenye utando na kuifungulia glukosi njia. Sasa, fosfeti hizo zinatoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na ATP ndani ya seli haitembei peke yake. Sehemu yake kubwa imeshikana na ioni ya magnesiamu, na ni kwa umbo hilo vimeng'enya huitambua na kuitumia. Kwa lugha ya ofisini kwangu, ATP ni hundi na magnesiamu ni sahihi. Hundi isiyo na sahihi hailipwi, hata akaunti iwe imejaa vipi.

Na haiishii mlangoni. Glukosi ikishaingia, kitu cha kwanza seli inachofanya ni kuibandika fosfeti ili isitoke tena, na hapo sahihi inadaiwa. Kati ya hatua kumi za kuivunja glukosi, tano zinaitaka magnesiamu. Vimeng'enya vinavyoitegemea mwilini vinahesabiwa zaidi ya 300. Kwa hiyo mtu mwenye upungufu anaweza kuwa na insulini ya kutosha kabisa, inabisha hodi vizuri, na ndani wanaitikia polepole. Kongosho linaongeza insulini ili kufidia. Huko ndiko kuitwa usugu wa insulini, ingawa upungufu wa magnesiamu ni sababu mojawapo tu, na mara nyingi si ile kubwa. Uzito, kukaa kitako mchana kutwa, urithi, haya yote yako mbele yake kwenye foleni.

Hiyo sentensi ya mwisho nilipaswa kuisoma mara mbili. Badala yake nilikwenda kununua chupa.

Chupa iliandikwa magnesiamu oksaidi, miligramu 500. Nikameza vidonge viwili usiku, kwa mantiki kwamba vikiwa viwili vitawahi. Asubuhi yake tulikuwa na kikao cha bajeti. Sitaeleza sana. Niseme tu kwamba niliwasilisha ukurasa wa kwanza, nikaomba udhuru, nikarudi, nikawasilisha wa pili, nikaomba udhuru, na bosi wangu akasema tuahirishe kwa sababu "mama anaonekana hayuko sawa."

Baadaye nikajua nilichofanya. Oksaidi ya magnesiamu, kwa uzito, ni magnesiamu halisi kama asilimia 60, hivyo vidonge vyangu viwili vilikuwa na miligramu 600 hivi. Wataalamu wa lishe Marekani wameweka kikomo cha miligramu 350 kwa siku kwa ile inayotoka kwenye vidonge, ukiacha ya chakula, na Ulaya wameshusha hadi 250. Tena oksaidi hufyonzwa vibaya. Inayobaki utumboni inavuta maji, na maji yakijaa utumbo unajua wenyewe pa kuyapeleka. Sitreti, aina nyingine ya vidonge vya magnesiamu, hufyonzwa vizuri zaidi, lakini magnesiamu halisi ndani yake ni asilimia 16 hivi tu. Ni kama mshahara: kuna ule ulioandikwa kwenye barua ya ajira na kuna unaotia mfukoni. Tangu siku hiyo siangalii tarakimu kubwa ya mbele ya chupa. Nageuza nyuma, natafuta neno "halisi".

Nilimweleza daktari kisa chote, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Hakuna, daktari. Labda hizi za kiungulia."

"Tangu lini?"

Nikaanza kuhesabu. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa anaanza chekechea. Sasa yuko darasa la tano. Omeprazoli moja kila asubuhi kwa zaidi ya miaka mitano, na sikuwahi kuiita dawa. Niliiweka kundi moja na mswaki.

Akaandika kipimo cha magnesiamu ya damu. Kilirudi 0.72, na maabara ilikuwa imeandika pembeni kwamba kawaida ni 0.70 hadi 1.05. Nikashukuru Mungu, nikafunga bahasha. Yeye ndiye aliyekataa kuifunga.

Maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike haya, kwa sababu alikuwa anaeleza kazi yangu bila kujua. Mwili wa mtu mzima una gramu 25 hivi za magnesiamu. Zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, karibu yote iliyobaki iko ndani ya misuli na tishu laini. Ile inayoelea kwenye majimaji ya damu, ambayo ndiyo tunayoipima, haifiki asilimia moja. Na mwili unailinda hiyo asilimia moja kwa wivu mkubwa, maana moyo na mishipa ya fahamu inaitegemea. Ikipungua, figo zinabana, mifupa inatoa. Hii ni droo ya fedha ndogondogo pale mapokezi. Kila jioni inajazwa kutoka kwenye sefu ili iwe sawasawa. Mkaguzi akija akafungua droo, ataona kila kitu kiko vizuri, na sefu inaweza kuwa imebaki na vumbi. Droo ikiwa tupu, ujue una shida kweli. Droo ikiwa imejaa, bado hujajua kitu.

Ndipo likaja dumu. Figo za mtu mwenye akiba ya kutosha hutoa miligramu 100 au zaidi ya magnesiamu kwenye mkojo wa siku nzima. Zangu zilikuwa zimetoa 19. Yaani figo zangu zilikuwa zimeshika kila senti, ishara kwamba kinachoingia ni kidogo. Kama ningekuwa natumia dawa za kukojoza, au sukari ingekuwa imepanda hadi inamwagika kwenye mkojo, dumu lingeonyesha kinyume: magnesiamu ingekuwa inatoka kwa wingi huku damu ikilia njaa. Na hili la pili ndilo baya kwa wenye kisukari kisichodhibitiwa. Sukari nyingi inavuta maji, maji yanaondoka na magnesiamu, magnesiamu ikipungua insulini inasikika kidogo zaidi, sukari inapanda. Mduara unaojilisha wenyewe.

Kwangu tundu lilikuwa utumboni. Dawa za jamii ya omeprazoli zikitumika muda mrefu zinaweza kuzuia magnesiamu isifyonzwe. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2011, na ikaeleza kwamba katika karibu robo ya wagonjwa waliochunguzwa, kuongeza vidonge vya magnesiamu peke yake hakukusaidia hadi dawa yenyewe iliposimamishwa. Niliposoma hapo niliiangalia ile chupa yangu ya oksaidi kwa jicho jingine. Nilikuwa najaza ndoo iliyotoboka, tena kwa kikombe.

Omeprazoli sikuiacha kwa siku moja, naomba hili lisisomwe vibaya. Ukiikata ghafla tumbo hutoa asidi kwa kisasi. Tulipunguza kwa wiki kadhaa, daktari akanibadilishia, na kuna watu wanaoihitaji kweli kweli ambao hawapaswi kuigusa. Vivyo hivyo mwenye figo dhaifu asijaribu vidonge vya magnesiamu kwa kusoma blogu, kwa sababu figo ndizo zinazotoa ziada, na ikilundikana inagusa mapigo ya moyo na pumzi. Na anayemeza vidonge vya tezi ya shingo au baadhi ya antibiotiki azitenganishe kwa saa kadhaa, maana magnesiamu inazishika njiani.

Upande wa mapato ulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Mwanamke wa umri wangu anahitaji miligramu 320 kwa siku, mwanamume 420. Gramu 28 za mbegu za maboga zilizokaangwa, kiganja kimoja kilichokunjwa, zina kama 156. Nusu kikombe cha spinachi iliyochemshwa, 78. Nusu kikombe cha maharage meusi, 60. Mboga ya kijani ina magnesiamu kwa sababu ukijani wenyewe umejengwa kuizunguka, katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna ioni moja. Unga uliokobolewa, kinyume chake, umeacha sehemu kubwa ya magnesiamu yake kwenye pumba. Nilikuwa nakula mweupe tangu utotoni, na mbegu za maboga nilikuwa nazitupa.

Miezi minne baadaye magnesiamu ilikuwa 0.86 na HbA1c 5.8. Dada yangu mkubwa, ambaye hajui kunong'ona, alitangazia ukoo mzima kwamba mbegu za maboga zinatibu kisukari. Dada, naheshimu, lakini hapana. Katika miezi hiyohiyo nilikuwa natembea dakika 40 kila jioni, niliacha soda, nikapungua kilo nne. Siwezi kuiandikia magnesiamu faida yote hiyo wakati waliochangia ni wengi. Hata tafiti kubwa zina tatizo hili. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliounganisha tafiti 13 za watu zaidi ya 500,000 uliona kwamba wanaokula magnesiamu nyingi wana hatari ya kisukari aina ya pili pungufu kwa asilimia 22 hivi, lakini anayekula mboga na nafaka zisizokobolewa ana mambo mengine mengi mazuri anayofanya. Majaribio ya vidonge yanaonyesha nafuu zaidi kwa wale waliokuwa na upungufu. Kwa mwenye akiba kamili, sahihi ya pili haiongezi thamani ya hundi.

Chupa ya oksaidi bado ipo, juu ya kabati, imepungua vidonge viwili. Kipimo kinachofuata ni mwezi ujao, damu tu safari hii. Nimeshamwambia yule wa friji asiwe na wasiwasi.