Nimeipata Rancher yangu!

Jamani, hatimaye nina ATV, ile pikipiki ya magurudumu manne, ya kupandia milima ya huku West Virginia: Honda Rancher 420 iliyotumika, ile inayovuta magurudumu yote manne. Nguvu inafika kwenye magurudumu kwa shafti, yaani fimbo ya chuma inayozunguka, hakuna mkanda wa kulowa na kuteleza ukivuka kijito.

Kabla yake niliona nyingine inang'aa, bei poa kabisa. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, oili nyeupe kama maziwa! Maji yameshaingia kwenye injini. Nikaaga.

Hii yangu ina mikwaruzo tele ubavuni, lakini raba zinazofunika maungio ya ekseli ni nzima, na magurudumu ukiyatikisa hayachezi. Ukienda kununua, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwanza, ikiwa ya baridi ndipo uwashe mwenyewe, uone kama inawaka bila shida.