Nilivyoziketisha ramani za njia ya misafara juu ya ardhi ya leo

Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ina urefu wa kilomita kama 1,200, na sehemu kubwa yake haionekani tena ardhini. Imebaki kwenye karatasi. Ninazoshughulikia ni ramani za Deutsch-Ostafrika (koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki) za mizani ya 1:300,000, kazi iliyoanzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, zilizochapwa Berlin na Dietrich Reimer. Wachoraji wamefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita, hivyo hakuna hakimiliki ya kumwomba mtu. Nilitaka mwalimu wa Mpwapwa azifungue kwenye simu yake.

Kupiga picha ni rahisi: kioo juu ya karatasi ili mikunjo ilale, taa mbili za pembeni, kamera kwenye stendi. Usithubutu kupiga pasi karatasi ya zamani, hata ikunjamane vipi.

Jasho liko kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta: unachagua pointi kwenye karatasi na kuifunga na mahali palepale ardhini leo. Wasafiri walipima njia kwa dira na saa, na kosa dogo la asubuhi lilibebwa hadi jioni na kesho yake. Ndiyo maana karatasi moja huwa sahihi huku, kule imepotoka kilomita kadhaa. Haivutwi yote kwa mkupuo. Inawambwa kidogo kidogo kila upande, kama ngozi ya ngoma.

Vijiji visikudanganye. Vingi viliitwa kwa jina la mtemi, naye akihama jina linamfuata. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikahamisha watu wengi mno. Mimi nilishika vilima vya mawe na maboma ya Wajerumani yaliyosimama hadi leo. Reli haikunifaa: ilichelewa, ikafika Tabora 1912, na Mpwapwa iliiacha pembeni ikapita Gulwe. Ukichukua pointi kwenye ramani za serikali za 1:50,000, zibadilishe kwanza kutoka Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, la sivyo utakuwa mbali na GPS kwa karibu mita 300.

Pointi niliyoipenda kuliko zote ilitoka kwa mzee mmoja wa Ugogo. Misafara ililipa hongo kwa watemi wa Kigogo ili ipite na kupata maji, kwa hiyo wasafiri waliandika kila penye maji kwa uangalifu. Nilimwonyesha alama moja, akaweka kidole. “Hapa, mjukuu wangu, ndipo tunaponyweshea ng'ombe kiangazi kikikaza.” Akanipeleka. Palikuwa na kisima chini ya mwamba, kwato zimejaa pembeni, na kilima kilichochorwa kwenye ramani kiko mashariki yake vilevile.

Kila karatasi nimeiwekea majina ya zamani na ya sasa, Mpapua na Mpwapwa, Udjidji na Ujiji, ili anayetafuta kwa lolote aipate. Mstari wa njia upo pia kwenye faili ndogo isiyomaliza bando.

Sasa niko magharibi ya Tabora. Mto Malagarasi hutapakaa mbugani, haufai kufungia ramani, kwa hiyo nimeanza na chemchemi za chumvi za Uvinza. Anayevijua vilima vya huko kwa majina, namhitaji sana.