Kabati la mafaili limehamia karakana

Jamani, lile kabati la chuma nililolinunua mtaa wa Gerezani, hapa Dar, sasa limesimama kwenye karakana yangu ya nyumbani, droo zote nne zimejaa vifaa. Nililipenda kwa uzito wa bati lake. Mengi ya siku hizi ukibonyeza ubavuni kwa kidole gumba, bati linaingia ndani.

Kazi kubwa ilikuwa kutu, maana hapa Dar hewa ya bahari haina huruma na chuma. Nilianza na brashi ya waya, kisha msasa namba 80, nikamalizia na 240. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo nilisugua kwa maji ili vumbi lisiruke, barakoa usoni, watoto mbali kabisa. Hilo msilipuuze.

Reli za droo nilizifungua nikaziloweka kwenye siki usiku kucha. Asidi yake inakula kutu taratibu. Asubuhi unasugua, unasuuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, na unakausha papo hapo, la sivyo kutu mpya inajitokeza ukiwa bado unaangalia.

Baada ya hapo nilifuta kwa thina, nikapiga praima ya redi oksaidi (rangi ya chini ya kuzuia kutu), halafu rangi ya mafuta ya kijivu, tabaka mbili nyembamba. Goroli za reli nikazipaka grisi. Droo ya chini ina nyundo na misumari tupu, lakini naivuta kwa kidole kimoja!

Nahitaji kufuli lake. Anayejua duka lenye kufuli za makabati ya zamani anielekeze, tafadhali.